Wale wawili kwenye matope

Kuna picha moja nataka tuitazame leo. Haina uhusiano na Bongo, hamna mheshimiwa ndani yake anayekata utepe, na hata mchezo wenyewe wengi wetu hatuujui. Ni wanaume wawili wamesimama uwanjani wakiwa wameshikana. Mmoja mrefu kama mlingoti. Mwingine mfupi, kichwa chake kinamfikia mwenzake kifuani. Matope yamewapaka kuanzia nywele hadi soksi, kiasi kwamba huwezi kusema nani kavaa jezi gani, wakati ukweli ni kwamba mmoja alitoka chumbani na jezi nyeupe na mwingine na jezi nyeusi. Mrefu kainamisha uso, mfupi kainua wake. Wanatazamana.

Ukiiona mara ya kwanza utasema, naam, huu ndio uanamichezo. Vita imekwisha, sasa mashujaa wanapeana heshima zao. Ndivyo Waaustralia walivyoisoma kwa miaka mingi. Wakaipa jina, The Gladiators. Wakaichonga kuwa sanamu ya shaba, na sanamu hiyo ndiyo kombe analokabidhiwa bingwa wa ligi yao.

Sasa basi. Yule mfupi alikuja kusimulia baadaye kwamba pale walipokuwa wameshikana, yeye alikuwa analalamika. Mrefu alitaka wabadilishane jezi, mfupi akakataa, akamweleza kwamba ushindi wao umetokana na refa. Kwa Kiswahili cha vijiweni: mmebebwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta mpaka jirani yangu wa meza akauliza kulikoni. Halafu kicheko kikanikauka. Kuandika maneno chini ya picha ni sehemu ya kazi inayonipa ugali.

Yule mrefu anaitwa Norm Provan, na leo nataka nimzungumzie yeye, maana katika maisha yake alifanya mambo mengi kuliko kusimama kwenye matope na kupigwa picha. Lakini kwanza lazima nieleze mchezo, la sivyo tutapotezana.

Raga tunayoisikia kutoka Nairobi, ile ya wachezaji saba au ya wachezaji 15, siyo hii. Hii ni ya wachezaji 13, na ilizaliwa kwa ugomvi wa pesa. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield zikajitoa kwenye chama cha raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Ukienda kucheza Jumamosi, ujira wa siku hiyo umeukosa. Klabu zikataka kuwafidia watu wao. Mabwana waliokishika chama wakasema mwiko, raga ni ya waungwana, anayetaka pesa akatafute kazi. (Rahisi kusema hivyo ukiwa umerithi shamba.) Basi wakaachana, na pole pole sheria za mchezo nazo zikaachana. Huko Sydney jambo lilelile lilitokea, na mwaka 1908 ligi yao ikaanza, klabu zikifuata mitaa: mtaa wa bandari una timu yake, mtaa wa viwanda una timu yake. Mtu alizaliwa na timu kama anavyozaliwa na ukoo. Sisi wa Msimbazi na Jangwani hilo halihitaji mkalimani.

Jambo moja zaidi la sheria, nalo nawaomba mlikumbuke maana litarudi. Katika mchezo huu mtu akikabwa akaangushwa na mpira, anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua, mnaendelea. Siku hizi timu ikishakabwa mara sita inautoa mpira. Enzi za Provan hapakuwa na hesabu. Mngeweza kukaa na mpira dakika kumi, mkikabwa na kuinuka, mkikabwa na kuinuka, mpaka wapinzani wavunjike moyo au wavunjike mbavu. Kwenye mchezo wa namna hiyo, mtu anayeweza kubeba mpira kwenda mbele na asiupoteze, tena na tena, ana thamani kuliko mwenye mbio.

Provan alikuwa mtu wa aina hiyo. Alicheza safu ya pili, yaani wale wanaosukuma katikati ya skramu na halafu wanatumwa kazi zote za kubeba na kukaba ambazo hazipigiwi makofi. Urefu wake ulikuwa kama mita 1.93, na kwa wanaume wa wakati ule hiyo ilikuwa ajabu. Mwembamba pia, hasa alipoanza, ndiyo maana wakamwita Sticks, Vijiti. Alianza kuichezea timu ya kwanza ya St George mwaka 1951. Akaondoka 1965. Klabu moja tu, mechi 256.

Na kati ya hizo, fainali kumi alizoshinda. Kumi, ndugu msomaji, mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1965. St George walichukua ubingwa mara 11 mfululizo kuanzia 1956 hadi 1966, na Provan ndiye mchezaji pekee aliyeshinda nao kumi. Mwaka 1959 hawakufungwa mechi hata moja msimu mzima. Najaribu kufikiria shabiki wa timu nyingine mjini Sydney katika miaka ile. Mtoto amezaliwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wao, anafika darasa la tano bado hajaona bingwa mwingine. Ukiwa shabiki wa mtaa wa pili utaamini nini? Utaamini kuna mkono wa mtu. Hilo nalo likumbuke.

Maelezo ya kawaida yapo. St George walikuwa na Ken Kearney, nahodha na kocha kwa wakati mmoja, aliyewahi kucheza Leeds kule Uingereza akarudi na mawazo ya Waingereza juu ya kujilinda kwa mpangilio na kufanya mazoezi kwa nidhamu ya jeshi. Walikuwa na vipaji: Reg Gasnier, aliyekimbia kama maji yanavyotafuta mteremko, na Johnny Raper, ambaye wanasema alikuwa anakaba uwanja mzima. Baadaye akaja Graeme Langlands. Na walikuwa na sheria ile ya kukaa na mpira bila hesabu, ambayo iliwapenda wenye nguvu. Mwaka 1967 wakubwa wa mchezo waliweka kikomo cha kukabwa mara nne, na mwaka huohuo utawala wa St George ukakoma. Wapo wanaosema sheria ndiyo iliyowaangusha. Mimi naona pia kwamba watu walikuwa wamezeeka, na Provan hakuwepo.

Mwaka 1962 Kearney alipoondoka, Provan akakabidhiwa yeye vyote viwili, unahodha na ukocha. Fikiria kazi hiyo. Jumanne unamwambia mwenzako amenenepa na nafasi yake iko mashakani. Jumamosi unategemea bega la mtu huyohuyo ndani ya skramu. Kwa misimu minne Provan aliifanya, na misimu yote minne akachukua ubingwa. Nimefanya kazi na wahariri waliokuwa jana waandishi wenzetu, najua jinsi vyeo viwili vinavyoweza kumla mtu. Kwa jinsi wenzake walivyomzungumzia mpaka uzeeni, huyu hakuliwa. Timu ya taifa pia aliichezea, kuanzia 1954, akaenda ziara ya Uingereza na Ufaransa ya 1956 na 1957. Lakini hadithi yake ni ya klabu. Kuna wachezaji wa namna hiyo, wanaoonekana wakubwa zaidi kwao.

Na wakati wote huo mpira haukuwa kazi. Wachezaji wa Sydney walilipwa, ndiyo, lakini Jumatatu kila mtu alirudi kwenye shughuli yake. Provan alikuja kuwa na maduka ya vifaa vya umeme. Bingwa mara kumi, anakuuzia pasi na friji. Siku hizi tungemwona amefilisika. Wao walimwona jirani.

Haya, tuje kwenye matope.

Tarehe 24 Agosti 1963, Jumamosi, uwanja wa kriketi wa Sydney. Watu 69,860. Mvua ilikuwa imenyesha na eneo la katikati, pale wanapochezea kriketi majira ya joto, ambapo hapana nyasi za maana, limegeuka tope. St George dhidi ya Western Suburbs. Wests walikuwa wamefungwa na watu hawahawa kwenye fainali ya 1961, wakachapwa 22 kwa 0. Wakarudi 1962, wakafungwa 9 kwa 6. Ona walivyokuwa wanasogea. Mwaka 1963 waliwafunga St George kwenye nusu fainali kubwa, wakaingia fainali wakiamini kwa mara ya kwanza kwamba zamu ni yao.

Nahodha wao alikuwa Arthur Summons. Ndiye mfupi wa kwenye picha. Huyu alitoka kwenye raga ya waungwana, ile ya watu 15, ambako aliichezea Australia mechi za kimataifa mwaka 1958 na 1959, halafu akahamia kwa vibarua mwaka 1960. Mdogo wa umbo, mwenye akili ya mchezo, na mdomo haukuwa mdogo.

Mechi ikaisha 8 kwa 3. Kwa pointi za wakati ule, ambapo kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, yaani trai, kulileta pointi tatu, hiyo ni tofauti ndogo sana. Na trai mojawapo ya St George ndiyo Wests waliyokufa nayo moyoni. Johnny King, winga, alikuwa ameshikwa. Walinzi wa Wests waliamini amekwisha kukabwa, wakalegeza mikono. King akainuka akakimbia akafunga pembeni. Refa Darcy Lawler akasema halali.

Kuna madai makubwa zaidi. Wachezaji wa Wests walikuja kusimulia, na wakasimulia kwa miaka, kwamba kabla ya mechi mwenzao Jack Gibson aliwaambia refa ameweka pesa zake kwa St George. Gibson hakuwa mtu wa kudharau. Alikuja kuwa mmoja wa makocha wakubwa kabisa Australia, na dunia ya kamari aliijua kwa karibu. Lakini madai yamebaki madai. Hakuna aliyeleta karatasi, hakuna aliyethibitisha. Na Lawler amekwishafariki, hawezi kujibu. Mimi nayaweka hapa kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa sura ya Summons kwenye picha, lakini sitayaweka kama kweli, na nakuomba nawe usiende kuyaweka kama kweli kijiweni. Kumbuka yule shabiki niliyemtaja, aliyekaa miaka na miaka bila kuona bingwa mwingine. Ukifungwa na mtu yuleyule fainali tatu mfululizo, refa huanza kufanana na kila kitu kibaya unachokijua. Hilo halimaanishi kwamba refa alikuwa safi. Linamaanisha tu kwamba mashahidi wote tulionao walikuwa na jezi nyeusi.

Kipenga kikalia. Wachezaji wakawa wanatoka. Provan na Summons wakakutana, wakashikana, wakasemezana yale niliyoyataja. Mpiga picha wa gazeti la Sun-Herald, John O'Gready, alikuwepo. Akabonyeza. Kesho yake, Jumapili, picha ikatoka gazetini, na baadaye ikapata tuzo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

O'Gready hakusema uongo. Kamera yake ilichukua kilichokuwepo: watu wawili wa kimo tofauti, wamechoka, wameshikana. Hakuna aliyewapanga. Hakuna aliyewaambia sogea kushoto mheshimiwa. Ila kamera haina masikio. Lile lililosemwa lilibaki kati ya vinywa viwili na masikio manne, na gazeti likajaza pengo kwa kile ambacho kila mtu alitaka kusikia.

Nimeliona hilo likitendeka kwa macho yangu. Wakati nikijifunza kazi kwenye gazeti fulani hapa mjini, sitalitaja, ililetwa picha ya mabondia wawili wamekumbatiana baada ya pambano la utangulizi. Mkubwa wa dawati akaandika chini yake kwamba wanapongezana. Mpiga picha, kaka mmoja mpole, akasema, "Bosi, hawa hawakuwa wanapongezana. Huyu alikuwa anamwambia mwenzie wakutane nje, maana pesa ya pambano ameila yeye." Bosi akamtazama kama mtu aliyemwagiwa chai. "Picha inajieleza," akasema. Ikaenda mtamboni hivyo hivyo. Kesho yake watu waliisifu. Tangu siku ile nikipewa picha niiandikie maneno, namtafuta kwanza aliyepiga. Namuuliza walikuwa wanasema nini. Wengine wananiona msumbufu. Na niseme ukweli, mara nyingi jibu linaiharibu picha nzuri.

Ila tusimkimbilie Summons pia na kumvisha taji la msema kweli. Simulizi yake ni simulizi ya aliyefungwa, na aliitoa miaka ikiwa imepita, mbele ya watu waliopenda kuisikia. Hadithi kama hiyo ikisimuliwa kwenye karamu ya kwanza ina maneno manne, kwenye karamu ya ishirini ina maneno arobaini na kicheko mahali pake. Sisemi alitunga. Nasema hata aliyekuwepo anakumbuka kwa namna. Provan naye alitaka jezi ya mwenzake, na mtu hataki jezi ya mtu asiyemheshimu. Kwa hiyo upande mmoja wa picha heshima ilikuwepo. Nusu ya maelezo ya gazeti yalikuwa sahihi. Ingekuwa habari ya maandishi tungesema chanzo kimoja kimethibitisha, kingine kimekanusha.

Miaka ikaenda. Summons aliiongoza Australia kwenye ziara ya Uingereza mwaka huohuo wa 1963 kama kocha na nahodha, ingawa majeraha yalimzuia kucheza mechi kubwa, na timu yake ikarudi na ushindi. Baadaye akahamia Wagga Wagga, mji wa bara, akaishi huko. Provan yeye alicheza misimu miwili zaidi. Fainali yake ya mwisho, 1965 dhidi ya South Sydney, watu 78,056 waliingia uwanja uleule, na wengine walipanda juu ya mapaa ya majukwaa kwa sababu chini hapakuwa na pa kuweka mguu. St George wakashinda 12 kwa 8. Akabebwa mabegani, akaacha.

Alijaribu ukocha wa nje ya uwanja. Hapo bahati ilikuwa imekwisha kumzoea, ikamchoka. Mwaka 1978 aliifikisha Cronulla fainali, timu ambayo ilikuwa haijawahi kuwa bingwa. Wakatoka sare na Manly, 11 kwa 11. Ikabidi warudie siku chache baadaye, wakafungwa 16 kwa 0. Mtu aliyeshinda fainali kumi akiwa mchezaji alikuja kujua ladha ile ya Summons akiwa kwenye benchi na miguu haina la kufanya. Sijui kwa nini sehemu hii ya maisha yake ndiyo iliyonifanya nimpende. Labda kwa sababu hakuna aliyeichonga sanamu.

Sanamu ilikuja 1982, na iliyoileta ni sigara. Kampuni ya Rothmans ilianza kuidhamini ligi ya Sydney kwa jina la sigara zake za Winfield, wakataka kombe la kushangaza, na mchongaji Alan Ingham akaigeuza picha ya O'Gready kuwa shaba. Likaitwa Winfield Cup. Parramatta wakalichukua kwanza. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya kumi wale wawili, vifua vilivyokimbia dakika 80 kwenye matope, vilisimama juu ya jina la sigara. Msicheke sana, nasi tulikuwa na Safari Rally iliyobeba jina la Marlboro na hatukuona ajabu. Mwaka 1992 Australia ilipitisha sheria ya kuzuia matangazo ya tumbaku, na 1995 ulikuwa mwaka wa mwisho wa Winfield Cup. Wadhamini wakabadilika, ligi ikagombana yenyewe kwa yenyewe kwa ajili ya pesa za televisheni, ikagawanyika, ikaungana tena mwaka 1998. Kombe jipya likatengenezwa. Wenye ligi waliweza kuchagua umbo lolote duniani. Wakawarudisha walewale wawili.

Klabu zao hazikuwa na bahati hiyo. St George waliungana na Illawarra, wakaanza kucheza pamoja 1999. Western Suburbs wakaungana na Balmain, kuanzia 2000. Jezi nyeupe na jezi nyeusi za siku ile, kama zilivyokuwa, hazipo tena kwenye ligi kuu. Zimebaki kwenye shaba, na kwenye shaba hazina rangi.

Sasa sikia kilichotokea kwa wenye picha. Kwa sababu ya kombe, Provan na Summons wakawa wanaalikwa pamoja. Fainali, chakula cha jioni, mahojiano, wasimame pamoja wapigwe picha mkao uleule. Watu ambao wangeweza kumaliza maisha bila kuonana tena walilazimishwa na sanamu kukutana, mwaka baada ya mwaka, mmoja akizidi kuinama na mwingine akizidi kupungua. Wakawa marafiki. Marafiki kweli, wanaotaniana. Summons alipokuwa akisimulia habari ya refa, Provan alikuwa pembeni anasikiliza, anacheka. Mwaka 2013, miaka 50 tangu siku ile, kombe likapewa majina yao: Provan-Summons Trophy.

Kwa hiyo yale maneno ambayo picha ilisomwa nayo mwaka 1963, ya heshima na upendo baada ya vita, hayakuwa kweli siku yalipoanza kuaminiwa, angalau kwa mmoja wao. Yakaja kuwa kweli baadaye, na yaliyoyafanya kuwa kweli ni kosa lenyewe la kuisoma picha vibaya. Hili linanisumbua. Yule bosi wangu wa zamani angefurahi kulisikia, na sitaki kumpa furaha hiyo. Wale mabondia hakuna aliyewaalika chakula cha jioni.

Mwaka 2018 Provan aliingizwa kwenye kundi dogo la wachezaji ambao mchezo wao unawaita Immortals, wasiokufa. Arthur Summons alifariki Mei 2020. Provan akafariki Oktoba 2021, siku chache baada ya fainali ya mwaka huo, ambayo kwa sababu ya korona ilichezewa Brisbane badala ya Sydney, na Penrith wakashinda. Katika kusherehekea, vijana wa Penrith walilivunja kombe. Wale watu wawili wa shaba wakang'oka kwenye kitako chao. Ikasambaa picha ya sanamu imelazwa ndani ya kigari cha kusukumia mtoto mchanga. Siku hizohizo ndipo habari za msiba wa Provan zikatoka, na klabu ikaomba radhi kwa familia zote mbili.

Nimeitafuta picha hiyo ya kigari nikaiona. Wamelala wamefunikana, mrefu na mfupi, kitako hakipo, wameshikana vilevile.